Wakulima wawajue washauri wanaokaa kati yao na wafadhili

MKULIMA wa mahindi anamjua dalali. Anajua kuwa dalali hana shamba wala lori, lakini gunia halitoki ghalani kwenda sokoni mpaka yeye aseme neno. Anajua pia swali la kwanza la kumuuliza: nani anakulipa, mimi au mnunuzi? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha mapema kama gunia litafungwa sawasawa au kwa lumbesa.

Katika fedha za misaada naye yupo dalali wa aina hiyo, ila hasimami kando ya barabara pale Kibaigwa. Ana shahada mbili, anatembea na kompyuta ya mkononi, na kazi yake inaitwa ushauri elekezi. Mfadhili anapotaka kujua fedha zake azipeleke kwenye alizeti au kwenye maziwa, kwa asasi ipi na kwa miaka mingapi, humwita yeye. Asasi inapotaka kuandika mpango utakaomridhisha mfadhili, nayo humwita yeye. Si ajabu aliyeshauri upande mmoja mwaka jana akawa anashauri upande wa pili mwaka huu.

Wakulima na wafanyabiashara wadogo huwaona watu hao siku moja tu, siku ya dodoso. Gari linafika, maswali yanaulizwa, soda zinanywewa, gari linaondoka. Ripoti hairudi kijijini. Mwaka mmoja baadaye mradi unakuja, au hauji, na hakuna anayejua uamuzi ulifanyikia wapi. Ndiyo maana inafaa kujua watu hawa ni akina nani, walitokea wapi na wanapigaje hesabu zao.

Mfano mzuri wa kuanzia ni wa Marekani, kwa kuwa huko ndiko yalikotoka masharti mengi yanayoonekana leo kwenye fomu za wafadhili hata hapa Afrika Mashariki. Kampuni hiyo inaitwa Bridgespan Group, ya mjini Boston. Ilianzishwa mwaka 2000 na watu watatu, Thomas Tierney, Jeffrey Bradach na Paul Carttar. Wote watatu walipitia Bain & Company, moja ya kampuni kubwa za kushauri wafanyabiashara duniani. Tierney ndiye aliyekuwa akiiongoza Bain katika miaka ya 1990. Bradach alikuwa amefundisha katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard. Carttar baadaye alikwenda kuongoza mfuko wa serikali ya Rais Barack Obama uliosaidia asasi zenye mbinu zilizokwishaonyesha matokeo.

Hoja yao ilikuwa rahisi. Kiwanda cha sabuni kikikwama kina uwezo wa kununua ushauri wa watu werevu. Asasi inayolea watoto wa maskini haina uwezo huo, ingawa matatizo yake ni magumu kuliko ya sabuni. Basi wakaamua kupeleka ujuzi wa Bain kwa asasi, na Bain yenyewe ikawasaidia kuanza. Bridgespan haikusajiliwa kama kampuni ya kugawana faida. Ni asasi isiyo ya faida, inayoishi kwa ada za wateja na kwa ruzuku za matajiri na taasisi za hisani. Jambo hili la ruzuku lisipite hivi hivi, litarudiwa hapa chini.

Miongoni mwa kazi zao za mwanzo ilikuwa ya mtaa wa Harlem, New York. Geoffrey Canada alikuwa akiongoza asasi iliyoitwa Rheedlen, yenye miradi mingi iliyotawanyika mjini. Kila mradi ulikuwa mzuri peke yake, lakini hakuna mahali ambapo mtoto mmoja alishikwa mkono tangu kuzaliwa hadi kumaliza shule. Kwa fedha za taasisi ya Edna McConnell Clark na kwa msaada wa washauri wa Bridgespan, Canada aliandika mpango wa miaka 10. Nguvu zingeelekezwa kwenye eneo moja la mitaa 24, na baadhi ya miradi iliyokuwa nje ya eneo hilo ingeachwa. Asasi ikabadili jina na kuitwa Harlem Children's Zone, na eneo lake baadaye likapanuka hadi karibu mitaa 100.

Hapo ndipo ushauri wa aina hii unapokuwa na thamani. Mshauri hakuwafundisha watu wa Harlem kulea watoto. Alichofanya ni kuuliza maswali ambayo mtu wa ndani huyaogopa: lengo hasa ni lipi, linagharimu kiasi gani kwa kila mtoto, na kitu gani kiachwe?

Swali la mwisho lingevisaidia vikundi vingi vya wakulima hapa nchini. Kikundi kilianza kwa mahindi. Akaja mfadhili wa nyuki, kikawa cha nyuki. Akaja wa kuku wa kienyeji, mabanda yakajengwa. Akaja wa miche ya miti, kikafungua kitalu. Baada ya miaka sita kuna mizinga mitupu, banda lisilo na kuku, na mahindi yale yale yanayouzwa kwa walanguzi mwezi wa saba bei ikiwa chini. Hakuna aliyeiba. Kilichotokea ni kwamba kila aliyekuja alikubaliwa, kwa sababu kumkataa mfadhili kunaonekana ni utovu wa adabu.

Lakini kazi ya Bridgespan inayomhusu zaidi mkulima ni ile ya hesabu. Mwaka 2009 watu wake wawili, Ann Goggins Gregory na Don Howard, waliandika makala katika jarida la Stanford Social Innovation Review juu ya kitu walichokiita mzunguko wa njaa wa asasi. Walieleza hivi. Mfadhili anaamini kwamba gharama za uendeshaji, yaani mhasibu, kodi ya pango, umeme, kompyuta na mafunzo ya watumishi, ni upotevu. Anataka ziwe ndogo. Asasi, kwa kuogopa kunyimwa, inaandika kwamba ni ndogo. Mfadhili akiona wameweza, mwaka unaofuata anataka ziwe ndogo zaidi. Asasi inapunguza tena kwenye karatasi, na safari hii inapunguza kweli: mhasibu anaondoka, kompyuta inakufa, takwimu zinapotea. Asasi nne walizozichunguza ziliripoti gharama za uendeshaji za kati ya asilimia 13 na 22. Hesabu za kweli zilipopigwa, zilikuwa kati ya asilimia 17 na 35.

Mwaka 2016 Bridgespan ilirudia jambo hilo kwa upana zaidi. Ilichunguza asasi 20 kubwa na zinazojulikana, na kuuliza: kwa kila dola 100 zinazokwenda moja kwa moja kwenye kazi, ni dola ngapi nyingine zinahitajika ili kazi hiyo isimame? Jibu lilikuwa kati ya dola 21 na dola 89, na asasi iliyosimama katikati ya orodha ilihitaji dola 40. Wakati huo kiwango ambacho taasisi nyingi za hisani za huko zilikuwa tayari kulipa kilikuwa 15. Pengo la 25 nani alilifidia? Asasi yenyewe ililifidia kwa kuwalipa watu wake kidogo, kwa kuacha paa livuje, au kwa kuhamisha fungu kutoka mradi huu kwenda ule na kuomba Mungu mkaguzi asione.

Mama anayeuza dagaa sokoni anaielewa hesabu hiyo bila shahada. Akinunua ndoo kwa Sh40,000 na kuuza kwa Sh48,000, hajapata Sh8,000. Kuna nauli, ushuru wa soko, mifuko, chumvi, dagaa walioharibika, na siku yake nzima aliyokaa juani. Asipoviweka vitu hivyo kwenye bei, mtaji utaisha naye akishangaa, maana kila siku aliona faida. Chama cha wakulima kinachokubali mradi wenye asilimia 10 ya uendeshaji kinafanya biashara ya namna hiyo hiyo.

Kwa mfano tu, uchukuliwe mradi wa kuhifadhi mahindi katika chama cha msingi chenye wanachama 300. Mfadhili anatoa Sh milioni 50 kwa mwaka kwa ajili ya mifuko isiyopitisha hewa, maturubai, mafunzo na mashine ya kupukuchua. Anaruhusu asilimia 10 juu yake, yaani Sh milioni 5, kwa uendeshaji. Sasa ghala liendeshwe. Mhasibu mmoja wa Sh400,000 kwa mwezi ni Sh milioni 4.8 kwa mwaka. Walinzi wawili wa Sh200,000 kila mmoja ni Sh milioni 4.8 nyingine. Umeme na simu, Sh milioni 1.2. Ukaguzi wa hesabu, Sh milioni 1.5. Matengenezo ya ghala na mizani, Sh milioni 2. Safari za viongozi kwenda benki na wilayani, Sh milioni 1.8. Jumla ni Sh milioni 16.1, sawa na asilimia 32 ya fedha za mradi. Hakuna anasa humo. Hakuna hata posho ya kikao.

Mfadhili ameleta milioni 5. Zilizobaki, Sh milioni 11.1, zinatoka kwa wanachama, watake wasitake. Zikigawanywa kwa watu 300 ni Sh37,000 kila mtu. Kwa bei ya Sh500 kwa kilo, kila mwanachama amechangia kilo 74 za mahindi kwenye mradi ambao mgeni rasmi aliuita wa bure. Au wanachama wamekataa kuchangia, na hapo mlinzi anaondoka, mizani haikaguliwi, na mwaka wa tatu ghala ni la popo.

Hesabu hiyo ina faida nyingine ambayo haihusiani na mfadhili hata kidogo. Chama hicho kikikusanya tani 400 kwa msimu, gharama ya kupokea, kupima, kulinda na kuandika kila kilo ni kama Sh40. Kiongozi anayeijua Sh40 hiyo anaweza kukaa mezani na mnunuzi, au na mwendesha ghala chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, akajua ni bei gani inamlipa na ipi inamla. Asiyeijua atafurahia nyongeza ya Sh30, akidhani amepata.

Irudiwe sasa kwa wale washauri. Takwimu zao hazikubaki kwenye makabati. Mwaka 2019 wakuu wa taasisi tano kubwa za hisani za Marekani, yaani Ford, Hewlett, MacArthur, Open Society na Packard, baada ya kufanya kazi na Bridgespan juu ya suala hili, walitamka hadharani kwamba watafanya zaidi ili asasi zilipwe gharama zao halisi. Taasisi ya Ford, ambayo ina ofisi Nairobi, ilikuwa imekwishapandisha kiwango chake kutoka asilimia 10 hadi 20 chini ya Darren Walker, na kuanzia 2023 ikafika asilimia 25. Hata serikali ya Marekani, ambayo kwa miaka 10 iliziruhusu asasi zisizo na kiwango cha makubaliano kudai asilimia 10 tu, ilipandisha hadi 15 Oktoba 2024. Mkulima asidhani mambo haya yako mbali. Fomu ya asasi iliyo wilayani kwake huandikwa kwa kufuata viwango hivyo, na mara nyingi asasi kubwa iliyopata asilimia 20 juu humpa mshirika wake wa kijijini asilimia 7 au sifuri. Hapo mkulima ana haki ya kuuliza zilizobaki zimeishia wapi.

Kwa upande huo, watu wa Bridgespan wanastahili kusifiwa. Walimwambia mwenye fedha jambo ambalo hakupenda kulisikia, na walimwambia kwa namba.

Lipo hata hivyo lile suala la nani anamlipa dalali. Mshauri ambaye ada yake inatoka kwa mfadhili, na ruzuku yake inatoka kwa mfadhili, atamsikiliza nani kwanza? Si lazima awe mtu mbaya. Mchumi yeyote atasema kwamba mtu akiwa na mabwana wawili, mmoja analipa na mwingine halipi, kazi itaegemea kwa anayelipa hata kama moyo wake uko kwa mwingine. Ndiyo maana ripoti nyingi za washauri hueleza vizuri sana mfadhili apate nini, na hueleza kwa mistari michache anayesaidiwa anataka nini. Ndiyo maana pia neno "kufikiwa" limejaa ndani yake. Wakulima laki moja watafikiwa. Ukichunguza, aliyepokea ujumbe mmoja wa simu kuhusu mvua naye amehesabiwa.

Mfano ulioonekana na dunia nzima ni wa tajiri MacKenzie Scott. Julai 2020 alitangaza kutoa dola bilioni 1.7 kwa asasi 116, na Desemba mwaka huo dola bilioni 4.2 kwa asasi 384. Bridgespan, kwa mujibu wa vyombo vya habari vya Marekani, ilikuwa kati ya washauri waliomsaidia kuchagua. Fedha zenyewe zilitolewa kwa namna bora kuliko kawaida: kwa mkupuo, bila kufungiwa matumizi, asasi ijipangie. Lakini hapakuwa na mlango wa kubisha. Washauri walizichunguza asasi kimya kimya, na viongozi wengi walipigiwa simu ghafla, wengine wakidhani ni matapeli. Asasi nzuri iliyo mahali ambapo hakuna mshauri aliyewahi kufika haikuwa na la kufanya.

Mwaka 2023 Scott alijaribu njia nyingine kupitia shirika la Lever for Change. Asasi za Marekani ziliruhusiwa kuomba, yakaja maombi 6,353, na katika mchujo wa kwanza waombaji wenyewe walisomeana maombi na kupeana alama. Machi 2024 asasi 361 zilipata jumla ya dola milioni 640. Jambo la kushika hapo ni kwamba watu wanaofanya kazi waliweza kuwapima wenzao, na fedha zikatoka. Kama viongozi wa asasi za mitaani Marekani wanaaminiwa kwa hilo, hakuna sababu wenyeviti wa AMCOS wa Mbozi au Songea wasiwemo kwenye meza inayopima miradi ya mahindi.

Bridgespan yenyewe imekiri kwamba mlango huo ni mwembamba kwa baadhi ya watu. Utafiti wake wa mwaka 2020 na shirika la Echoing Green uliangalia asasi zilizoomba kwa shirika hilo, zenye kazi zinazofanana. Zile zinazoongozwa na watu weusi zilikuwa na mapato madogo kwa asilimia 24 kuliko zinazoongozwa na weupe, na akiba isiyo na masharti ilikuwa ndogo kwa asilimia 76. Mwaka uliofuata, ikishirikiana na African Philanthropy Forum, ilieleza namna zawadi kubwa zinazotolewa kwa ajili ya Afrika zinavyopita zaidi kwenye mashirika yenye makao nje ya bara hili kuliko kwa asasi za Kiafrika. Kampuni hiyo ilikuwa imefungua ofisi Mumbai mwaka 2015, na sasa inayo pia Johannesburg. Ofisi peke yake haitoshi. Safari ya kutoka Johannesburg hadi Namtumbo bado ni ndefu, hasa masika.

Wapo wanaouliza kwa nini kuwe na mshauri kabisa, fedha zisiende kwa mwananchi moja kwa moja. Swali hilo lina nguvu kuliko washauri wanavyopenda kukubali. Katika kaunti ya Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini zaidi ya 10,000 kama dola 1,000 kila moja kupitia simu, na wachumi wakafuatilia vijiji 653. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Econometrica, ulionyesha kuwa kila dola iliyoingia ilizaa kama dola mbili na nusu za mzunguko katika uchumi wa eneo lile, na bei za bidhaa hazikupanda kwa kiasi cha kutisha. Wenye maduka ambao hawakupewa kitu nao walinufaika, kwa sababu wateja walikuwa na fedha. Hiyo ni habari njema kwa mfanyabiashara mdogo, na kila mpango wa mshauri ulipaswa kushindanishwa nayo: je, mradi huu wa Sh milioni 500 utawafaa watu kuliko kuwagawia hizo milioni 500? Hata hivyo, ghala la pamoja halijengwi na kaya moja moja, wala mbegu mpya haifanyiwi majaribio kwa fedha za mfukoni. Kwa mambo ya namna hiyo chama kinahitajika, na chama kina gharama.

Haraka ya jambo hili imeongezeka. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo shirika la USAID likakoma, kazi chache zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Miradi ya kilimo iliyokuwa ikiendeshwa kwa fedha hizo ilikatika, mingine katikati ya msimu. Wengi wa wataalamu waliokuwa wakiandika maandiko na kufanya tathmini walipoteza kazi. Sasa wafadhili waliobaki, wengi wao taasisi za hisani za watu binafsi, wanaombwa na kila mtu. Kadiri foleni inavyokuwa ndefu ndivyo wanavyowategemea zaidi washauri wa kuwachujia. Na waliopoteza ajira kwenye miradi nao wanafungua ofisi za ushauri mijini, wakitafuta vikundi vya kuandikia.

Hapo kuna hatari ya karibu zaidi kuliko Boston. Yupo mshauri anayekwenda kwenye kikundi na kusema: sitaki hela yenu, nitaandika andiko, zikitoka mnipe asilimia 10. Inaonekana ni nafuu, kwa kuwa hakuna kinacholipwa leo. Ukweli ni kwamba fedha hizo zitatoka kwenye mradi ambao bajeti yake haina mstari wa kamisheni, kwa hiyo zitafichwa, na siku ya ukaguzi atakayeulizwa ni mweka hazina, si mwandishi. Tena mtu wa namna hiyo ana sababu ya kuongeza chumvi: namba za wanachama zitakua, mavuno yatapanda mara tatu, na kikundi kitabaki na ahadi ambazo hakikuzitoa. Huko Marekani chama cha wachangishaji fedha wa kitaalamu, AFP, kinakataza katika kanuni zake za maadili malipo ya asilimia kwa sababu kama hizo. Mshauri alipwe kwa siku za kazi, kwa kiasi kilichoandikwa, na rasimu isomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa wanachama kabla haijatafsiriwa na kutumwa. Asiyekubali sharti hilo kuna anachokificha.

Vyama vikubwa vya wakulima vinaweza kufanya zaidi. MVIWATA, ulioanzishwa Morogoro mwaka 1993 na wakulima kwa msaada wa wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Sokoine, una mtandao wa kutosha kukusanya gharama halisi za uendeshaji kutoka kwa vikundi 50 au 100 na kuzitoa hadharani. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka nje. Inahitaji daftari, mwanafunzi mmoja wa uchumi kilimo wakati wa likizo, na viongozi walio tayari kusema kweli kuhusu fedha. Takwimu hizo zikipatikana, mfadhili hatakuwa na kisingizio cha kusema asilimia 10 inatosha, na mshauri wake atalazimika kuzitaja.

Serikali nayo isikae pembeni. Maofisa ushirika wa wilaya huombwa kusaini barua za utambulisho kwa kila anayekuja na dodoso. Barua hiyo iwe na sharti moja la wazi: muhtasari wa ripoti, kwa Kiswahili, urudishwe kwenye ofisi ya kata ndani ya miezi sita, ukionyesha nani aliagiza kazi na nani alilipa. Mtafiti asiyerudisha asipewe barua ya pili. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hilo, ni uamuzi wa mezani tu.

Mapema, kabla gari la dodoso halijafika tena, chama cha msingi kiandae ukurasa mmoja. Juu yake kiandikwe kitu kimoja ambacho chama kinataka kukifanya katika miaka mitatu ijayo, na vile ambavyo hakitavifanya hata kikipewa fedha. Chini yake zije gharama za uendeshaji kwa mwaka, mstari kwa mstari, bila aibu, zikisainiwa na mwenyekiti na mweka hazina. Mshauri akifungua kompyuta yake apewe ukurasa huo kwanza, kisha aulizwe nani aliyemtuma na ripoti itarudi lini. Kwa chama cha ule mfano wa ghala, ukurasa huo una mistari sita ya gharama, na jumla yake ni Sh16,100,000.